Aliyeonekana kwenye kioo: kisa cha kikoba kimoja cha Old Moshi

Kikoba kilikuwa na wanachama 24, wanawake watupu, wengi wao Walutheri, pamoja na Wakatoliki wachache walioolewa huku kutoka Uru. Kila Jumapili baada ya ibada walikutana kununua hisa, kurejesha mikopo na kutia chochote kwenye mfuko wa jamii. Kama vikoba vingi vya mlimani, chao huvunjwa Desemba, yaani fedha hugawanywa kwa wanachama, kabla watu wa Dar hawajaanza kupanda kuja kula Krismasi. Siku ya kuvunja, fedha zilimwagwa juu ya mkeka zikahesabiwa. Akahesabu mtu wa pili. Mara zote mbili zilipungua shilingi 2,840,000.

Anayevijua vikoba ataelewa kwa nini watu walipigwa na butwaa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu wa nyumba tofauti. Lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Kufuli zote zilikuwa nzima na bawaba hazikuguswa. Basi swali la nani ameiba halikudumu hata robo saa, likapishana na jingine: hapa kuna mkono wa mtu. Mmoja akalitaja kwa jina kabisa, chuma ulete, uchawi unaosemekana kuvuta fedha za wengine bila kuguswa.

Wahusika wamenisimulia wakijua nitaandika, nami nimeacha majina yao na ya usharika. Nakichambua kisa hiki kwa sababu tukiulizwa Ukristo unasemaje juu ya uchawi na ramli, wengi wetu tunajibu kwa neno moja: dhambi. Ni kweli. Ila hapa jibu hilo nusura limwache aliyeumizwa palepale alipoangushwa, huku wazee wa kanisa wakishughulika na waliomwangusha.

Wanachama saba walichanga shilingi 10,000 kila mmoja na wakatuma watatu washuke mjini jioni kwa mtaalamu mmoja, yaani mganga mpiga ramli. Mmoja wa hao watatu alikuwa ametoka kwenye kikao cha umoja wa wanawake. Akapitia nyumbani kwanza kuvua kitenge cha sare, akajitanda khanga ya kawaida. Chumba cha mtaalamu kilikuwa nyuma ya duka. Kioo kikubwa kiliegemezwa ukutani, mbele yake beseni la maji, na juu ya meza ndogo kulikuwa na Biblia na msahafu bega kwa bega. Kabla hajatazama chochote, mtaalamu aliuliza: kati yenu, nani amepata maendeleo ya haraka mwaka huu? Wakamtajia wenyewe. Yupo mjane mmoja anauza ndizi Kiboriloni, amenunua ng'ombe wa maziwa na kupiga nyumba yake lipu. Ndipo kioo kikaanza kuonyesha: mwanamke wa makamo, hana mume, nyumba yake iko chini ya barabara.

Kesho yake habari ilikuwa bombani, keshokutwa sokoni. Mjane hakuitwa na mtu. Alianza kuona mambo. Mwenzake wa meza ya jirani aliipokea noti yake ya 5,000 kwa ncha za vidole na kuiweka peke yake chini ya jiwe la mzani, asiitie kwenye mfuko wa kiunoni pamoja na nyingine. Binti yake, aliyekuwa darasa la kipaimara, aliulizwa na wenzake kama mama yake anafuga paka. Alipofika kwa mchungaji, mjane alisema, "Baba Mchungaji, mimi sijashtakiwa. Naambiwa tu nimeonekana."

Wiki iliyofuata, mume wa mwanachama mmoja, mtu mwenye uwezo na mchangiaji mzuri, alimleta nyumbani kwake mtumishi kutoka Arusha anayejiita nabii. Maombi yalikuwa marefu, mafuta ya upako yakapakwa kwenye lile sanduku, sadaka ikatolewa. Kisha nabii akafunga macho, akasema Roho anamwonyesha mjane na fedha zinazotembea bila miguu. Chumba kizima kikalipuka. Mama mmoja akasema maneno ambayo baadaye yalirudiwa mpaka kwenye baraza la wazee: "Sasa mashahidi ni wawili."

Kitovu cha kisa kiko hapo. Kwa macho ya waliokuwepo, yaliyotokea nyuma ya lile duka yalikuwa ya giza, na yaliyotokea sebuleni yalikuwa ya nuru, na nuru imethibitisha. Wale watatu waliokwenda kwenye kioo wakaanza hata kujisikia nafuu.

Baraza la wazee lilipoketi, pendekezo la kwanza lilikuwa jepesi: watatu watengwe, wasikaribie Meza ya Bwana mpaka watubu na kurudi kundini. Maandiko yapo na hayana utata. Kumbukumbu la Torati 18 inamtaja atazamaye bao, mwenye kubashiri, msihiri na awaombaye wafu, na kuwaita wote chukizo. Walawi 19 na 20 zinarudia. Paulo anauweka uchawi kwenye matendo ya mwili katika Wagalatia 5. Kanisa la kale nalo halikucheka na jambo hili. Mtaguso wa Ankira, mkutano wa maaskofu wa mwaka 314, kwenye kanuni yake ya 24, uliwapa waaguzi na wanaowaingiza waaguzi majumbani mwao toba ya miaka mitano. Wakatoliki waliokuwa kikobani wanayo Katekisimu ya 1992, ambayo aya zake 2116 na 2117 zinakataa kila namna ya uaguzi na uchawi, hirizi zikiwemo, na kuonya pia dhidi ya kutumia wepesi wa watu wa kuamini. Hapa Walutheri na Wakatoliki hawana ugomvi.

Akasimama mzee mmoja, msomaji sana wa Agano la Kale, akauliza swali ambalo wengi hulikwepa. Mbona Yoshua alipiga kura na mwizi akapatikana? Akani, Yoshua 7: kabila likatwaliwa, jamaa ikatwaliwa, nyumba ikatwaliwa, mtu akatwaliwa. Mbona mabaharia wa Yona walipiga kura ikamwangukia mwenye kosa? Mbona mitume walimpata Mathiya kwa kura? Na Hesabu 5, mke anayeshukiwa ananyweshwa maji machungu mbele ya kuhani. Mzee huyu hakuwa mtetezi wa waganga. Alitaka tu baraza lisijidai kwamba Biblia haijawahi kutafuta jambo lililofichika.

Mchungaji alimjibu kwa kurudi kwenye sura ileile ya Yoshua, na nadhani ndilo lililokuwa jibu bora zaidi la jioni ile. Kura ilipomwangukia Akani, Yoshua hakumpiga mawe hapohapo. Alimwambia, mwanangu, niambie ulilolitenda. Akani akakiri, akataja vitu na mahali alipovifukia, wajumbe wakapiga mbio hemani na kuvikuta. Ungamo likapatikana, na kielelezo kikaonekana kwa macho. Halafu kura ile aliiagiza Mungu mwenyewe, mbele ya Israeli yote, mchana. Hakuna aliyemtafuta mpigaji kura mjini usiku na khanga kichwani. Maji machungu ya Hesabu 5 nayo, ukiyasoma vizuri, yanamwachia Mungu hukumu na kuizuia mikono ya mume mwenye wivu. Mjane wetu hakupewa hata nafasi hiyo.

Kisha akafungua Kumbukumbu la Torati 19, sura inayofuata baada ya ile ya bao na wabashiri. Humo shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani. Neno huthibitishwa kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, waamuzi wanatakiwa kutafuta kwa bidii, na shahidi wa uongo hufanyiwa lile alilokusudia kumfanyia ndugu yake. Sisi tumezoea kuisoma sura ya 18 peke yake, kama orodha ya vitu vya kuogopa. Ukizisoma pamoja, unaona sura ya 18 inafunga mlango na ya 19 inafungua mwingine: ukitaka kujua nani ameiba, uliza watu walioona, nao waulizwe mbele ya anayeshtakiwa. Mpiga ramli ni shahidi asiyekuwepo, hahojiwi, hakosolewi, na akikosea halipi. Kwa maoni yangu hilo ndilo linalofanya kioo kiwe kiovu kuliko vumbi na mapembe yanayokizunguka, na nabii wa sebuleni alikuwa nalo lote bila kupungua.

Wazee wawili waliguna hapo. Kumweka mtumishi wa Mungu kwenye mizani moja na mganga? Nao walikuwa na mfano wao: Babu wa Loliondo, marehemu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambaye mwaka 2011 kijijini Samunge aliwanywesha maelfu ya watu kikombe kwa shilingi 500, akisema Mungu alimwonyesha. Viongozi wa kanisa na wa serikali walipanda kwenda kunywa. Mbona yeye hakuitwa mpiga ramli? Lina mambo yake lile la Samunge, hasa wagonjwa waliotolewa hospitali na kufia kwenye foleni, na sitaki kulifungua lote hapa. Kwa kisa chetu itoshe kuona kwamba pale watu walifuata dawa. Aliyekunywa kikombe hakuondoka na jina la jirani yake.

Hili la nabii, ajabu ni kwamba Mlutheri analo kwenye katekismo aliyoikariri akiwa na miaka kumi na mitatu. Luther, katika Katekismo Ndogo ya 1529, aliuweka uchawi chini ya amri ya pili, ile ya kutolitaja bure jina la Mungu, bega kwa bega na kulaani, kuapa ovyo, kusema uongo na kudanganya kwa jina lake. Mahali pale pana maana. Mtaalamu wa nyuma ya duka aliweka Biblia mezani kama pambo. Nabii alilibeba Jina lenyewe mdomoni na kumpigia nalo mjane. Kwa mpangilio wa Luther, aliyegusa amri ya pili kwa karibu zaidi ni yule wa sebuleni. Manabii wa Agano la Kale walishalisema: Yeremia 14 inazungumzia wanaotabiri kwa jina la Bwana ilhali wanachotoa ni ubashiri na udanganyifu wa mioyo yao, na Mika 3 inawataja manabii wanaobashiri kwa fedha. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 14, anataka manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Sebuleni hakupambanua mtu. Mwenyeji alikiri baadaye kwamba alimsimulia nabii yote garini, na Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, mwendo unaotosha kabisa kumweleza mtu mjane ni nani na anakaa wapi.

Na hata angekuwa hajasimuliwa? Swali hili hukosekana sana mahubirini, maana tumejizoesha kusema waganga ni waongo, basi. Yule kijakazi wa Filipi, Matendo 16, mwenye pepo wa uaguzi, alisema kweli tupu: watu hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu. Paulo hakumpongeza kwa usahihi. Alimkemea pepo, na mabwana waliokuwa wakifaidi wakakasirika kwa sababu faida imeondoka. Sauli naye aliambiwa kweli kule Endori, usiku, akiwa amebadili mavazi, mfalme yuleyule aliyekuwa amewafukuza waaguzi wote nchini. Mchungaji alipoisoma habari hiyo, mama wa kitenge cha sare alianza kulia bila kuambiwa neno. Kwa hiyo Biblia haimkatai mwaguzi kwa kukosea tu. Ramli iliyopatia bado ni ramli.

Pendekezo lililonitisha zaidi lilitoka kwa mzee mpole, aliyetaka kumsaidia mjane: aje madhabahuni, aweke mkono juu ya Biblia, aape hana hatia, yaishe. Mchungaji alikataa bila kusita. Katika Mathayo 5 Yesu amekataza viapo, lakini zaidi ya hapo, kiapo kile kingemgeuza asiye na shtaka kuwa mshtakiwa, na kuigeuza Biblia kuwa kioo chenye jalada jeusi. Angeumwa malaria mwezi uliofuata, watu wangesema Biblia imemkamata. Kanisa limewahi kupita njia hiyo. Ulaya, kwa karne kadhaa, makasisi walibariki maji ya moto na chuma cha moto vya kupimia watuhumiwa, mpaka Mtaguso wa Laterani wa 1215 ulipowakataza. Waingereza nao waliwatafuta wezi kwa kutia ufunguo ndani ya Biblia na kuangalia unavyogeuka. Hatuna haja ya kujifanya tamaa hii ililetwa na waganga wa Pasua au Tanga. Luther mwenyewe, mwaka 1526, alihubiri kwamba wachawi wanastahili kuuawa, akiishika Kutoka 22:18. Aliyeandika ile amri ya pili vizuri namna ile hakuwa na kinga dhidi ya hofu ya jirani.

La kuvunja chungu lilipita upesi. Mzee mmoja wa ukoo, si mzee wa kanisa, alitaka chungu kivunjwe ili laana imtafute mwizi popote alipo. Mila za viapo na laana za Wachagga zina uzito wake, na Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyetumika Old Moshi hadi 1938, aliandika mengi juu ya sheria na desturi zetu kuliko sisi wenyewe tulivyoandika. Lakini hata wanaoiamini laana ya chungu wanaiogopa kwa sababu haichagui vizuri, hupita hadi kwa watoto na wajukuu. Baraza lilisoma Warumi 12, barikini wala msilaani, na likaendelea.

Uamuzi uliotoka ulifuata mpangilio ambao naupenda. Kabla ya kumtenga mtu yeyote, jina la mjane lisafishwe. Pili, ukaguzi. Nidhamu ya waliopiga ramli ije mwisho. Mchungaji alimweleza mjane pia kwamba mlango wa serikali uko wazi: Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, bado iko vitabuni kama Sura ya 18, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli chonganishi, ile inayomtaja jirani kuwa mchawi, huanza na noti chini ya jiwe la mzani, na kwingine nchini imeishia kwa mapanga na vikongwe wenye macho mekundu. Mjane hakwenda polisi, lakini alimwomba mwenyekiti wa kitongoji aandike malalamiko yake kwenye daftari, yakae.

Ukaguzi ulifanywa na mhasibu wa usharika. Kila mwanachama alileta kitabu chake cha hisa, mihuri ikalinganishwa na daftari kuu, ukurasa kwa ukurasa. Jioni ya siku hiyohiyo ilipatikana karatasi iliyokunjwa ndani ya jalada la daftari: mikopo miwili ya Agosti, jumla 1,900,000, iliyotolewa nje ya kikao wakati katibu alikuwa amesafiri kwa msiba. Wenye funguo waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja akafungua kufuli yake na kurudi nyumbani, akidhani wenzake wanajua. Hakuna aliyeandika kwenye daftari. Mmoja wa wakopaji wawili alikuwa miongoni mwa wale watatu walioshuka kwa mtaalamu. Alichanga 10,000 yake, akapanda gari, akakaa mbele ya kioo na kusikia mwenzake akitajwa. Kuhusu ng'ombe na lipu ya mjane, daftari lilikuwa na jibu muda wote: alikopa kikobani na kurejesha yote, muhuri juu ya muhuri.

Shilingi 940,000 zilizobaki hazijajulikana zilikokwenda. Wanachama wamekubali kugawana hasara.

Kwenye kusafisha jina, natofautiana na mchungaji. Alitangaza kwenye ibada za jumuiya, nyumba kwa nyumba, akakataa kutangaza kanisani kwa hoja kwamba ambao hawajasikia watasikia upya. Hoja ina akili. Lakini neno lilishafika Kiboriloni, ambako hakuna jumuiya, na mjane alilijua hilo kuliko sisi. Aliomba kitu kimoja tu: wale saba waliochanga waje mezani kwake siku ya soko, wanunue ndizi mbele za watu, wapokee chenji kutoka mkononi mwake na kuitia mfukoni. Walikuja wanne. Mwenzake wa lile jiwe la mzani aliona, na siku hizi anachenjiwa noti na mjane bila wasiwasi. Kwangu hiyo ilikuwa toba kamili kuliko tangazo lolote, na nidhamu ya kanisa ingefaa kuidai kwa wote saba kabla ya kuwarudisha mezani pa Bwana.

Wale watatu walitubu mbele ya usharika Jumapili moja na kurudi kundini, mkopaji akiwa na ratiba ya marejesho mkononi. Mjane alichukua mgawo wake, akahamia kikoba kingine cha wauza ndizi wenzake. Suala la mwenyeji wa nabii limewekwa kwenye ajenda mara mbili na kuahirishwa mara mbili, la mwisho hadi baada ya Pasaka. Ndiye aliyeahidi bati za ofisi ya mtaa, na paa bado halijaezekwa.